Singapore na tunu zake tano: umoja wao uliandikwa kwenye karatasi au ulimwagwa kwa zege?

#1 Nahodha wa Nchi Kavu (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mjadala wa tunu za taifa unapoibuka humu, kurasa mbili haziishi kabla mtu hajaitaja Singapore. "Wale jamaa walikaa chini, wakaandika tunu zao, leo ona walipo." Nimeisikia vijiweni, nimeisikia pia kwa watu wenye vyeo. Nimeona niifungulie uzi wake, maana mambo yalivyokwenda kule hayafanani sana na yanavyosimuliwa huku.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mtakaonishukia mjue pa kupiga. Ile karatasi ya tunu ilikuja mwishoni, kazi kubwa ikiwa imeshafanyika. Kilichowafanya Wasingapore wajione watu wamoja ni nyumba, jeshi na shule, na ndani ya vyote vitatu kulikuwa na mkono wa chuma. Anayedhani atapata matokeo yale kwa kuandika ibara tamu anajifurahisha.

Karatasi kwanza. Oktoba 1988 Goh Chok Tong, akiwa bado naibu wa Lee Kuan Yew, Waziri Mkuu wa kwanza wa Singapore, alitoa wazo kwamba nchi iwe na itikadi yake ya taifa. Hofu ilikuwa kwamba vijana wanakuwa Wamagharibi mno, kila mtu na lwake, wazee wanasahaulika. Januari 1989 Rais Wee Kim Wee akalipeleka jambo bungeni kwenye hotuba yake. Januari 1991, Goh akiwa ndiyo kwanza amekuwa Waziri Mkuu, serikali ikawasilisha waraka na Bunge likaupitisha mwezi huohuo. Tunu zikawa tano: taifa litangulie kabla ya jamii anayotoka mtu, na jamii kabla ya nafsi yake, familia ndiyo shina la jamii, kila mtu aheshimiwe na asaidiwe na wenzake, mambo yaamuliwe kwa maafikiano na si kwa mivutano, na watu wa asili na dini mbalimbali waishi kwa maelewano.

Haikuwa sheria. Hakuna aliyepelekwa mahakamani kwa kukosa tunu namba tatu.

Sasa tazameni nani alikuwa anaambiwa haya. Wachina ni karibu robo tatu ya raia na wakazi wa kudumu. Wamalay, ambao katiba inawatambua kuwa ndio wenyeji wa kisiwa, ni kama asilimia 13. Wahindi, wengi wao Watamil, ni kama 9. Waraka ulipotoka, wasio Wachina walijiuliza swali la haki kabisa: hizi ni tunu zetu sote, au ni mafundisho ya Confucius, yule mwanafalsafa wa kale wa Kichina, yamevalishwa kanzu ya taifa? Hawakuwa wanaota. Miaka ya 1980 maadili ya Confucius yaliingizwa shuleni kama sehemu ya somo la dini, na viongozi waliyasifia wazi. Serikali ikabidi ijitetee kwamba haina nia ya kumfanya kila mtu Mchina.

Kinachokaririwa kila asubuhi shuleni si hizi tano. Ni kiapo cha 1966, kilichotungwa na S. Rajaratnam, Mtamil mzaliwa wa Jaffna, Sri Lanka, kinachosema sisi raia ni watu wamoja bila kujali asili, lugha wala dini. Angalieni mwaka. Miaka miwili kabla yake, 21 Julai 1964, maandamano ya Maulidi yaliyokuwa yakielekea Geylang yaligeuka kuwa mapigano kati ya Wamalay na Wachina. Wakafa watu 23. Septemba yakalipuka tena, wakafa 13. Agosti 1965 Malaysia ikawatoa kwenye shirikisho, Lee akalia mbele ya kamera za televisheni. Yaani kiapo kiliandikwa damu haijakauka barabarani, na kila aliyekikariri alijua kinazungumzia nini.

Nitarudi na habari ya nyumba, ndiyo kiini chenyewe. Karibuni.

#2 Kichwa Kigumu

Mkuu unazunguka mbuyu. Jibu ni fupi: nidhamu. 1965 walikuwa hohehahe kama sisi, akaja mzee mmoja mwenye msimamo, akacharaza watu viboko, wakanyooka. Mengine mbwembwe.

#3 Bint Chumbageni

Kaka Kichwa Kigumu, hiyo ya "hohehahe kama sisi" ni chai, tena haina sukari. 1965 pato la Msingapore kwa mwaka lilikuwa kama dola 500 kwa kichwa, mara kadhaa ya letu wakati ule. Walikuwa na bandari kubwa iliyojengwa na biashara ya zaidi ya miaka 140, na kambi za Waingereza zilizoajiri maelfu ya watu. Shida zao zilikuwa kweli: ajira haba, makazi ya mabanzi na mabati, majirani wasioaminika, maji yanatoka ng'ambo. Lakini tusianze uzi mzuri kwa hadithi za abunuwasi.

Mleta mada, endelea. Hiyo nyumba ndiyo naingojea.

#4 Jirani wa Namanga

Wadau, sisi Kenya tuliyaandika yetu. Ibara ya 10 ya katiba ya 2010, maadili ya kitaifa: uzalendo, umoja wa taifa, utu, usawa, uadilifu, yote yamo. Yamepangwa vizuri ukisoma unajisikia raha. Halafu uchaguzi ukikaribia kila mtu anarudi kwa kabila lake na mambo yanakuwa yaleyale ya kitambo. Kwa hivyo niko na mleta mada kuhusu karatasi. Swali langu: nyumba inamfanyaje mtu aache ukabila? Kwetu tuna mitaa ya maghorofa Nairobi watu wamechanganyika kabisa, na bado.

#5 Nahodha wa Nchi Kavu

Jirani, swali zuri. Nielezee mtambo wenyewe.

Bodi ya nyumba, HDB, ilianza Februari 1960. Mei 1961 moto ukateketeza mtaa wa Bukit Ho Swee, watu kama 16,000 wakalala nje. Hapo kasi ikapanda. Ndani ya miaka mitano ya kwanza bodi ilijenga nyumba zaidi ya 50,000. Mwanzoni zilikuwa za kupanga. 1964 wakaanza kuuza, na 1968 wakaruhusu mfanyakazi kutumia akiba yake ya uzeeni (chukulia mfano wa NSSF yetu) kulipia nyumba. Leo karibu asilimia 80 ya wananchi wanaishi kwenye nyumba za bodi, na wengi mno ni wamiliki, kwa hati ya miaka 99. Lee hakuwahi kuficha hesabu yake: mtu asiye na kitu hatapigania nchi, mwenye nyumba atapigania mlango wake.

Ardhi ilipatikanaje? Sheria ya 1966 ya kutwaa ardhi, serikali ikachukua kwa bei iliyojipangia. Vijiji vya Wamalay na vya Wachina vyote vilivunjwa. Watu waliokaa vizazi na kuku na minazi yao wakajikuta ghorofa ya 10 wanajifunza kutumia lifti. Wengi walifurahia maji ya bomba na choo cha ndani. Wengine walilia.

Ila kumchanganya mtu mara moja hakutoshi, na hapa ndipo majibu yako yalipo, Jirani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walikuwa wameanza kuuziana nyumba na kurudiana: Wamalay wanajikusanya Bedok na Tampines, Wachina Hougang na Ang Mo Kio, Wahindi Yishun. Serikali ikaona mitaa ya 1964 inarudi, safari hii ndani ya maghorofa. Machi 1989 wakaweka kiwango kwa kila jengo na kila mtaa. Wachina wasizidi asilimia 84 ya mtaa na 87 ya jengo. Wamalay 22 na 25. Wahindi na wengineo, baada ya kuongezwa 2010, ni 12 na 15. Kiwango kikijaa, hakuna cha kujuana wala kuongea pembeni, mauzo hayapiti.

Angalieni tarehe tena. Rais anaomba tunu bungeni Januari 1989, kiwango kinaanza Machi 1989. Waraka wa tunu unatoka 1991. Maelewano yalishawekewa mlango na kufuli kabla hayajaandikwa kwenye orodha.

Nairobi watu wamechanganyika kwa sababu ya kodi ya pango, na siku yoyote anaweza kuhama. Kule umechanganywa na mkopo wa nyumba yako.

#6 Baharia Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimefanya kazi ya meli miaka mingi na Singapore nimeshuka mara nyingi, meli ikiwa chelezoni unapata siku za kuzurura. Niwape nilichokiona kwa macho.

Majengo yale ya HDB, chini kabisa hakuna vyumba. Ni sakafu tupu na nguzo, upepo unapita. Siku moja nilimfuata Mmalay tuliyekuwa tukifanya naye kazi, alinialika kwenye arusi ya binamu yake. Nikakuta pale chini viti na meza, sufuria za biriani zinapakuliwa, matari yanapigwa, yanaitwa kompang, na watu wameshika miti imepambwa karatasi za kung'aa kama makuti ya mnazi. Mimi mtu wa Unguja nikajiona nimefika nyumbani. Basi jengo la pili yake, hatua kidogo tu, kulikuwa na msiba wa Kichina. Hema, picha ya marehemu, ubani unawaka, jamaa wamekaa wanakesha wanamenya mbegu za kutafuna, na pembeni kuna pipa la kuchomea karatasi za wafu. Wale wa arusi walikuwa na spika. Nikamwuliza mwenyeji wangu, haitakuwa tabu? Akaniambia wameshaongea, na kibali cha kila shughuli kina masaa yake. Ilipofika muda spika zikashushwa, matari yakabaki peke yake, kisha na yenyewe yakanyamaza.

Na kwenye mabanda yao ya chakula, yale ya mama lishe wengi chini ya paa moja, unakuta sehemu ya kurudishia trei imegawanywa: huku za halali, huku zisizo halali. Meza ni zilezile, mnakaa pamoja, kila mtu na sahani yake. Anayekula nguruwe na asiyemla wanagongana viwiko na hakuna anayekunja uso. Utamaduni wa mabanda yale UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2020 na sikushangaa hata kidogo.

#7 Kichwa Kigumu

Shikamoo mzee Baharia. Stori tamu. Lakini mleta mada, huoni kwamba hiyo ya viwango ni ubaguzi wa wazi? Nchi inakuapisha "bila kujali asili", halafu ukitaka kuuza nyumba inakuuliza asili yako. Na kitambulisho chao nasikia kimeandikwa wewe Mchina, wewe Mhindi. Si bora sisi ambao kitambulisho cha taifa hakikuulizi kabila?

#8 Bint Chumbageni

Leo kaka umeniwahi, na hapa uko sahihi.

Madhara yake yanawaangukia walio wachache. Chukua Mhindi anayeishi jengo ambalo kiwango cha Wachina kimejaa. Mchina anayehama anaweza kumwuzia yeyote, maana Mchina akitoka na Mchina akiingia hesabu haibadiliki. Mhindi akimwuzia Mchina hesabu inapanda, kwa hiyo haruhusiwi. Wanunuzi wanaobaki kwake ni wachache, anasubiri, mwisho anateremsha bei. Malalamiko yalifika bungeni zaidi ya mara moja, na kuanzia 2022 bodi ilikubali kuzinunua yenyewe baadhi ya nyumba za waliokwama, kwa masharti. Yaani kwa miaka zaidi ya 30 gharama ya maelewano ilikuwa inatoka mfukoni kwa mtu ambaye hakuwa na kura za kutosha kuipinga.

Na soko la kupanga kwa watu binafsi lilibaki na yake. Matangazo ya "hatupangishi Wahindi" yamekuwa kero inayojulikana. Kwa hiyo zile arusi na misiba alizoziona mzee wetu ni kweli, na hili nalo ni kweli.

Mimi tunu inayonikera zaidi ni ya familia. Tazameni ilivyowekewa meno. Asiyeoa au asiyeolewa haruhusiwi kununua nyumba ya bodi peke yake mpaka afike miaka 35, na hata hiyo ni ruhusa iliyoanza 1991, mwaka uleule wa waraka. Ukinunua karibu na wazazi unaongezewa ruzuku. 1995 wakatunga sheria, mzazi aliyetelekezwa anaweza kumpeleka mwanawe kwenye baraza maalumu akalazimishwa kumtunza. Hapo sina neno, kuna wazee wangefaidika nayo hata huku kwetu.

Lakini serikali hiyohiyo mwaka 1979 ilianzisha kampeni ya "zungumza Mandarin", yaani Kichina sanifu. Wachina wa Singapore nyumbani walikuwa wakisema Kihokkien, Kiteochew, Kikantoni. Vipindi vya lahaja hizo vikaondolewa redioni na kwenye televisheni, mtoto shuleni akapangiwa Mandarin kuwa "lugha ya mama" ingawa mama yake haisemi, na masomo mengine yote kwa Kiingereza. Mimi nina rafiki wa chuo, Msingapore, tulisoma wote nje. Bibi yake alimlea kwa Kihokkien, alipoanza shule ukakatika. Aliniambia bibi alipokuwa mgonjwa hospitalini, yeye na wadogo zake walikaa kitandani wakimshika mkono, na shangazi akawa mkalimani. Mkalimani, kati ya bibi na mjukuu! Sensa ya 2020 inaonyesha Kiingereza ndiyo lugha kuu ya nyumbani kwa asilimia 48 ya wakazi wa kuanzia miaka mitano, na lahaja zote za Kichina zikijumlishwa hazifiki 9. Huwezi kuniambia familia ni shina huku umekata ulimi wa bibi.

#9 Jirani wa Namanga

Dada Chumbageni umenigusa. Huku Nairobi watoto wa majirani zangu hawawezi kuongea na cucu (bibi) wao shags (kijijini), na hakuna serikali iliyoagiza. Tulijifanyia wenyewe.

#10 Mgosi Mkavu

Nyie wote mnaogopa kuitaja tunu ya nne. "Maafikiano, si mivutano." Nani anaafikiana na nani? Chama kilekile kiko madarakani tangu 1959. Uchaguzi wa Mei 2025 kimepata asilimia 65 ya kura na viti 87 kati ya 97.

Februari 1963 walikamatwa watu zaidi ya 100 kwa mpigo, wapinzani, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, waandishi. 1966 akakamatwa mbunge Chia Thye Poh. Alikaa ndani miaka 23 bila kufikishwa mahakamani, alikataa kusaini kwamba ni mkomunisti. Alipotolewa 1989 wakampeleka kuishi kisiwa cha Sentosa, kwenye kibanda cha mlinzi, na kodi ya kibanda akatozwa yeye. Vikwazo vyake vya mwisho viliondolewa 1998. Kwa hiyo wakati Bunge linapitisha "maafikiano" Januari 1991, mtu huyu alikuwa kisiwani anahesabu watalii. Mtu unaweza kuafikiana na nchi nzima ukiwa umewafungia wasiokubali.

#11 Kichwa Kigumu

Sentosa si ndiko waliko na bustani za burudani na kila kitu?

#12 Mgosi Mkavu

Hukohuko.

#13 Nahodha wa Nchi Kavu

Mgosi, sina ubishi na ulichoandika, na ndiyo maana nilisema mkono wa chuma kwenye post ya kwanza. Ila nisikubaliane kwamba ni ukandamizaji tu. Watu wa kule wameendelea kukipa chama kile kura kwa sababu kinawajengea, kinawatibu, na rushwa imebanwa. Na wameibana serikali pia pale walipoona inazidisha: 2011 kura zilishuka mpaka asilimia 60 na ushee, na sera za nyumba na wageni zikalegezwa au kukazwa haraka kufuata hasira za wapiga kura. Kwa hiyo kuna kusikilizana fulani, kunakofanyika kwa sanduku zaidi kuliko kwa mdomo.

Nigusie jeshi halafu nipumzike. Sheria ya 1967, kila kijana wa kiume akifika 18 anaingia kambini karibu miaka miwili, kisha anaitwa kila mwaka kwa mazoezi mpaka umri wa miaka 40 kwa askari wa kawaida. Wakufunzi wa kwanza walitoka Israel, na ili majirani Waislamu wasichukie wakabandikwa jina la "Wamexico". Hii kila nikiikumbuka nacheka. Ukimwuliza mwanamume wa kule ni wapi alijisikia Msingapore, wengi watakwambia kambini: mtoto wa daktari na mtoto wa muuza samaki wamenyolewa kipara kimoja, wanatukanwa na afande mmoja kwa Kiingereza kilichochanganywa Kimalay na Kihokkien.

Lakini miaka ya mwanzo vijana wengi wa Kimalay hawakuitwa. Serikali iliogopa ikitokea vita na Malaysia au Indonesia watampiga nani. 1987 Lee Hsien Loong, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alilisema hadharani: hawataki kumweka askari mahali ambapo nchi yake na dini yake zinaweza kugongana. Fikirieni mzazi wa Kimalay anasikia hayo, kijana wake hana jeshi, na waajiri wengi wanataka kijana aliyemaliza jeshi. Hali imebadilika, leo wanaitwa wote na wapo waliopanda vyeo vikubwa. Wauguzi wa Kiislamu wameruhusiwa kuvaa hijabu kazini tangu Novemba 2021, baada ya madai ya miaka mingi. Lakini kile kizazi cha kwanza kiliapishwa "watu wamoja" na kikaachwa nje ya lango la kambi.

#14 Baharia Mstaafu

Hilo la jeshi nililisikia kwa yule yule aliyenialika arusini. Hakuliongelea kwa hasira. Alisema baba yake alikosa kazi bandarini kwa ajili hiyo, akaenda kuendesha teksi, na aliendesha teksi mpaka akastaafu. Kisha akaniongezea biriani.

#15 Mgosi Mkavu

Sawa, tuje kwetu sasa. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba ya 2013 ilikuwa na tunu saba: utu, uzalendo, uadilifu, umoja, uwazi, uwajibikaji na lugha ya taifa. Bunge Maalumu likazifumua, kura ya maoni ya Aprili 2015 haikufanyika, basi. Mleta mada unasema tusihangaike nazo?

#16 Nahodha wa Nchi Kavu

Sisemi hivyo. Uwazi na uwajibikaji zikiwa kwenye katiba mwananchi anapata pa kumshikia kiongozi, na ndiyo maana zilifumuliwa. Singapore hawakuziweka hizo mbili kwenye zao, angalieni orodha vizuri. Tunu zao tano zote zinamdai raia. Hakuna hata moja inayomdai mtawala waziwazi.

Ninachosema ni kwamba umoja tulionao Watanzania nao haukutoka kwenye orodha. Mtoto wa Bukoba alipangiwa sekondari ya bweni Songea, wa Lindi akapelekwa Tabora. Wakimaliza, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wakalima pamoja na kuimba pamoja. Mtumishi alihamishwa Mtwara akaoa hukohuko. Kiswahili kilikuwa tayari njiani kinawangoja. Ule ulikuwa mtambo wetu, wa bei nafuu kuliko zege la HDB, na haukumwuliza mtu kabila lake. JKT ya lazima ikasimama 1994, ikarudi 2013 kwa wachache kuliko wanaomaliza kidato cha sita. Mwenye uwezo siku hizi mwanawe anasoma na watoto wa wenye uwezo wenzake kuanzia chekechea. Hapo ndipo ningependa tubishane, kuliko kubishania kama tunu ziwe tano au saba.

#17 Kichwa Kigumu

JKT nimepita. Kuna Mmakonde nilikuwa namchukia wiki ya kwanza, leo ni msimamizi wangu wa ndoa. Ila swali la mwisho kabla sijalala: huko Singapore, Mmalay au Mhindi anaweza kuwa Waziri Mkuu? Maana hicho ndicho kipimo. Mengine biriani tu.

#18 Bint Chumbageni

Mpaka leo hajatokea. Wanne wote tangu 1959 ni Wachina: Lee Kuan Yew, Goh Chok Tong, Lee Hsien Loong, na Lawrence Wong tangu Mei 2024.

Machi 2019 Heng Swee Keat, aliyekuwa anaandaliwa kushika nafasi hiyo, aliulizwa swali lako hilohilo na wanachuo. Akajibu kwamba wazee hawako tayari kwa Waziri Mkuu asiye Mchina, vijana hawana shida. Watu wengi walichukia, kwa sababu kulikuwa na Tharman Shanmugaratnam, Mtamil, mchumi, naibu waziri mkuu wakati ule, anayependwa pengine kuliko kiongozi yeyote wa kule.

Urais nao waliufanyia hesabu. 2016 walibadili katiba ili ukipita muda mrefu bila rais wa kundi fulani, uchaguzi unaofuata uwe wa kundi hilo peke yake. 2017 Halimah Yacob, Mmalay, akapita bila kupingwa, na wengi walinuna kwamba wamenyimwa kura.

Halafu 2023 uchaguzi ukawa wazi kwa wote. Tharman akasimama dhidi ya Wachina wawili akapata asilimia 70.4. Wapiga kura walewale, wazee wakiwemo. Urais kule hauna meno ya utendaji, kwa hiyo mwenye kutaka kubisha anayo nafasi. Lakini Heng hajawahi kuulizwa tena lile swali, angalau mimi sijaona.

#19 Kichwa Kigumu

Asilimia 70? Na hakuna aliyewekewa kiwango?

#20 Bint Chumbageni

Hakuna.